Ukurutu Mkali na Dawa Zake Mpya

Ndugu msomaji, somo hili ni kwa ajili ya mtu ambaye ngozi yake inamwasha mchana na usiku. Tena ni kwa ajili ya mama anayemshika mtoto wake mikono usiku kucha, asijikune hata damu itoke. Kwa Kifaransa ugonjwa huu unaitwa eczéma. Sisi tutauita ukurutu.

Siku hizi watu wanauliza sana habari za dawa mpya. Mmoja ana ndugu yake Ubelgiji, naye amemwambia ya kwamba huko kuna sindano inayotuliza ukurutu mkali. Mwingine amesikia sokoni ya kwamba kuna vidonge vinavyoondoa mwasho kwa siku 2 tu. Je, habari hizi ni za kweli? Habari ya sindano ni ya kweli. Habari ya vidonge vya sokoni ni kweli nusu, na nusu ya pili ni hatari. Kwa hiyo inafaa tujifunze polepole, tujue dawa ipi inasaidia, dawa ipi inadanganya, na ni nani anayehitaji dawa kali.

1. UKURUTU NI NINI?

Mungu aliifanya ngozi iwe kama ukuta wa nyumba ya matofali. Chembe za ngozi ni matofali, na mafuta yaliyo katikati yake ni udongo unaoyashikanisha. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hayapotei ovyo, wala vidudu na vumbi haviingii. Lakini kwa mtu mwenye ukurutu udongo ule ni dhaifu. Ukuta una nyufa. Maji yanatoka, nayo ngozi inakauka. Vumbi, sabuni kali na vidudu vinaingia.

Tena ndani ya mwili wako askari wanaotulinda. Wakiona adui ameingia wanapiga ngoma ya vita. Kwa mtu mwenye ukurutu askari hawa wanapiga ngoma hata kwa sababu ya vumbi tu, wala hawanyamazi. Ngoma hiyo ndiyo mwasho na uvimbe. Basi mtu anajikuna; kucha zake zinabomoa ukuta zaidi; na askari wanazidi kupiga ngoma. Hivyo ugonjwa unajilisha wenyewe.

Mara nyingi ukurutu unaanza katika utoto. Unapenda kukaa katika mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, na kwa watoto wachanga usoni. Vitabu vya Ulaya vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Sisi tunaona ngozi ikiwa ya kijivu au nyeusi zaidi, imekauka, imekuwa nene, na mara nyingi ina vipele vidogo vidogo. Kwa sababu hii wagonjwa wengi wa kwetu wanaambiwa kwamba ugonjwa wao ni mdogo, kumbe ni mkubwa.

Ukurutu hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu anaweza kulala na ndugu zake, kula nao sahani moja, na kuketi nao darasani. Mara nyingi katika jamaa ileile kuna mtu mwenye pumu ya kifua, au mwenye mafua na macho ya kuwasha kila mara, kwa maana magonjwa haya ni ndugu.

Ukurutu si ukoma. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, wala haliwashi. Lakini ukurutu unawasha sana. Ukurutu si upele wa kuambukiza pia. Upele ule unaletwa na mdudu mdogo anayechimba ngozi, hasa katikati ya vidole, na mara nyingi watu wengi wa nyumba moja wanajikuna pamoja. Usijipime mwenyewe. Katika Walawi 13 tunasoma ya kwamba kuhani hakutoa neno lake haraka. Alitazama, akangoja siku 7, akatazama tena. Nasi tuwe na uvumilivu kama huo mbele ya ngozi ya mtu.

2. NI LINI UKURUTU UNAITWA MKALI?

Si kila ukurutu unahitaji dawa ya kumeza au sindano. Mwuguzi anatazama mambo haya:

Kwanza, ni sehemu gani ya mwili iliyo na ugonjwa? Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni karibu sehemu 1 katika sehemu 100 za ngozi yake. Ukihesabu viganja utajua kipimo.

Pili, ngozi ikoje? Imekauka tu, au imekuwa nene kama gome la mti, au inatoa maji na damu?

Tatu, analala? Hili ni swali kubwa. Mtoto asiyelala hasomi vizuri. Mama asiyelala hana nguvu ya kulima. Mtu mzima asiyelala kwa miezi mingi anaweza kukata tamaa kabisa. Usione haya kumwambia mwuguzi habari za usiku wako.

Ukurutu ukichukua sehemu kubwa ya mwili, au ukichukua sehemu ndogo lakini ya uso, mikono au sehemu za siri, na kumzuia mtu kulala, kusoma au kufanya kazi, huo ni wa kadiri au mkali.

3. KWANZA TUTENGENEZE UKUTA

Usicheke ukisikia ya kwamba dawa ya kwanza ni mafuta. Mtu akitaka kuwanyamazisha askari huku nyufa za ukuta ziko wazi, anafanya kazi bure.

Oga kwa maji ya vuguvugu, si ya moto sana. Tumia sabuni kidogo isiyo na manukato. Jipanguse polepole kwa kitambaa, wala usisugue. Kabla ngozi haijakauka kabisa, jipake vazelini safi mwili wote. Fanya hivyo mara 2 kila siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri. Watu wengi wanajipaka kidogo mno. Mtoto mwenye ukurutu wa mwili mwingi anahitaji karibu gramu 250 kwa juma moja, na mtu mzima gramu 500. Kata kucha ziwe fupi.

Halafu iko pomada ya kutuliza uvimbe. Kwa uso na kwa watoto wachanga tunatumia iliyo dhaifu, kama haidrokotisoni. Kwa mikono, miguu na mgongo tunatumia iliyo na nguvu, kama betametasoni. Kipimo chake ni hiki: kamua pomada juu ya ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, toka mwisho wa kidole hata kwenye kiungo cha kwanza. Hiyo inatosha kupaka sehemu iliyo sawa na viganja 2. Paka mara 1 kwa siku mpaka ngozi iwe laini na mwasho uishe, halafu pumzika kama ulivyoagizwa.

Hapa kuna hatari mbili. Mtu mmoja anaogopa pomada, anapaka kidogo sana siku 2, kisha anasema haifai. Mwingine ananunua sokoni pomada ya kung'arisha ngozi, ambayo ndani yake mara nyingi mna dawa ya namna ileile yenye nguvu nyingi, naye anapaka uso na mwili wote mwaka mzima. Ngozi yake inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, na akiacha inawaka kama moto. Usiwe kama huyu wala kama yule.

Tumeona mara nyingi ya kwamba mtu aliyedhaniwa kuhitaji dawa kali anapata nafuu kubwa akifanya mambo haya sawasawa kwa majuma machache. Lakini wako wengine wanaofanya yote kwa bidii, na bado hawalali. Hao ndio tunaowaandikia sehemu zinazofuata.

4. DAWA YA HARAKA INAYODANGANYA

Sokoni na katika maduka madogo ya dawa utakuta vidonge ambavyo sanduku lake limeandikwa PREDNISOLONE au DEXAMETHASONE. Wengine wanavimeza ili wanenepe. Mwenye ukurutu akivimeza, mwasho unapungua baada ya siku chache. Anafurahi na kusema, “Nimepona.” Akiacha, ukurutu unarudi, na mara nyingine kwa nguvu kuliko kwanza. Basi anarudi dukani. Hivyo anafungwa.

Akiendelea miezi, uso wake unavimba na kuwa mviringo. Presha ya damu inapanda. Sukari inaweza kuingia katika damu. Mifupa inakuwa dhaifu. Mtoto anaacha kukua. Kifua kikuu kilicholala mwilini kinaweza kuamka. Tena katika nchi zetu kuna aina ya mnyoo unaoingia kwa miguu isiyo na viatu, nao unaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Dawa hizi zikiwapumbaza askari wa mwili, mnyoo huo unaweza kuzaana na kuenea mwili wote na kumwua mtu.

Vidonge hivi si vibaya kwa kila jambo. Katika hospitali vinaokoa watu wenye magonjwa fulani. Lakini kwa ukurutu, waganga hawavitumii ila mara chache sana, kwa muda mfupi. Na wewe ambaye umekwisha kumeza kwa majuma mengi, angalia sana: usiache ghafula. Mwili wako umesahau kutengeneza dawa yake wenyewe, nawe unaweza kuzimia na hata kufa. Njoo hospitali, uoneshe sanduku, nasi tutakusaidia kupunguza kidogo kidogo. Hatutakugombeza.

5. DAWA ZA ZAMANI ZINAZOSAIDIA

Kabla ya dawa mpya kuvumbuliwa, waganga walikuwa wamekwisha kupata dawa nyingine za kutuliza ukurutu mkali, nazo zinatumika hata leo. Mbili zinajulikana sana.

Ya kwanza ni siklosporini. Inafanya kazi upesi, kwa majuma machache. Lakini inaweza kuharibu figo na kupandisha presha ya damu. Kwa hiyo damu na presha zinapimwa mara kwa mara, na kwa kawaida mtu hatumii zaidi ya mwaka mmoja.

Ya pili ni metotreksati. Hii inafanya kazi polepole; inafaa kungoja miezi 2 au 3. Bei yake ni ndogo kuliko dawa nyingine nyingi za namna hii. Katika Uingereza na Ayalandi waganga walilinganisha dawa hizi mbili kwa watoto 103 wenye ukurutu mkali, na mwaka 2023 walitangaza waliyoyaona. Siklosporini ilishinda katika miezi ya kwanza. Lakini baada ya dawa kuachwa, waliotumia metotreksati ndio waliokaa vizuri zaidi. Hii ni habari njema kwa watu wasio na mali nyingi.

Lakini sikia maonyo ya metotreksati, maana makosa yake yanaua:

Inamezwa siku 1 tu kwa juma, si kila siku. Chagua siku, kwa mfano Jumatano, uiandike ukutani. Siku nyingine mganga anakupa kidonge cha asidi ya foliki, kilicho kama chakula cha damu.

Usimeze Bactrim pamoja nayo. Dawa hizi mbili zikikutana zinaweza kukausha damu mifupani. Kila mwuguzi akitaka kukupa dawa yo yote, mwambie kwanza, “Mimi ninameza metotreksati.”

Usinywe pombe, kwa sababu ya ini.

Mwanamke mwenye mimba, au anayenyonyesha, au anayetaka kuzaa, asiimeze kabisa, maana inaharibu mtoto tumboni.

Damu na ini lazima vipimwe kabla ya kuanza na wakati wa kutumia. Ukiona vidonda mdomoni, homa, au damu ikitoka ovyo, acha dawa, uje siku ileile.

6. SINDANO MPYA

Sasa tufike kwenye habari ya ndugu wa Ubelgiji. Dawa zile za zamani zinawanyamazisha askari wengi wa mwili pamoja, wale wanaokosea na wale wanaofanya kazi njema. Wenye elimu walitafuta njia ya kumnyamazisha mpiga ngoma mwenyewe tu. Waliona ya kwamba askari wa ukurutu wanapelekeana habari kwa wajumbe wadogo sana walio katika damu na ngozi. Wajumbe hao wanaitwa interleukini, na kila mmoja ana namba yake. Namba 4 na namba 13 wanaleta uvimbe na kudhoofisha ukuta wa ngozi. Namba 31 analeta mwasho.

Sindano ya kwanza ya namna hii inaitwa dupilumabu. Ilikubaliwa Marekani na Ulaya mwaka 2017 kwa watu wazima. Baadaye ilikubaliwa kwa vijana na watoto, na tangu 2022 Marekani inaruhusu hata mtoto wa miezi 6. Dawa hii inaziba mlango ambao wajumbe namba 4 na namba 13 wanaupitia. Ngoma inapungua, na ukuta unapata nafasi ya kujengwa. Mtu mzima anapigwa sindano 2 chini ya ngozi siku ya kwanza, halafu sindano 1 kila majuma 2.

Je, inasaidia kwa kiasi gani? Mwaka 2016 zilitangazwa habari za majaribio mawili ya watu wazima 1,379. Wengine walipata dawa, wengine sindano isiyo na dawa, nao hawakujua ni ipi. Baada ya majuma 16, katika watu 100 waliopata dawa, 36 hata 38 walikuwa na ngozi safi au karibu safi. Katika watu 100 wasioipata, walikuwa 8 hata 10 tu. Tena karibu nusu ya waliopata dawa walipunguziwa ugonjwa robo 3 au zaidi.

Tazama vema hesabu hii. Ni msaada mkubwa, maana watu hao walikuwa wameteseka miaka. Lakini si wote waliopata ngozi safi. Tena dawa haing'oi mzizi. Mtu akiacha, ugonjwa kwa kawaida unarudi. Mtu akikuambia ya kwamba sindano moja inamaliza ukurutu milele, huyo hasemi kweli.

Shida yake ya mara kwa mara ni macho kuwasha na kuvimba, na uchungu mahali pa sindano. Haihitaji kupima damu kila mara. Lakini wajumbe namba 4 na 13 ndio pia wanaosaidia mwili kupigana na minyoo. Kwa hiyo mwenye minyoo atibiwe kwanza. Kwetu sisi neno hili si dogo. Mwenye pumu ya kifua asiache dawa yake ya pumu kwa sababu ya sindano hii.

Baadaye zimekuja sindano nyingine. Tralokinumabu ya mwaka 2021 na lebrikizumabu ya mwaka 2023 zilikubaliwa Ulaya, nazo zinamzuia mjumbe namba 13 peke yake. Nemolizumabu inazuia mlango wa namba 31. Japani iliikubali mwaka 2022 kwa mwasho wa ukurutu, na Marekani iliikubali kwa ukurutu mwaka 2024.

7. VIDONGE VIPYA

Kuna pia vidonge vipya vya kumeza kila siku: barisitinibu, upadasitinibu na abrositinibu. Ulaya ilikubali cha kwanza kwa ukurutu mwaka 2020, na viwili vingine mwaka 2021. Hivi havimzuii mjumbe njiani. Vinaingia ndani ya chembe na kuzima neno analolileta. Vinafanya kazi upesi sana. Wengine wanapata nafuu ya mwasho baada ya siku chache. Katika jaribio moja la mwaka 2021 walilinganisha upadasitinibu na dupilumabu. Baada ya majuma 16, katika watu 100, waliopunguziwa ugonjwa robo 3 au zaidi walikuwa 71 kwa vidonge na 61 kwa sindano.

Lakini nguvu hii ina gharama. Vidonge hivi vinazima maneno ya wajumbe wengi, hata wale tunaowahitaji. Kifua kikuu kinaweza kuamka. Mkanda wa jeshi unaweza kutokea. Kuna hatari ya damu kuganda katika mishipa, ya ugonjwa wa moyo na ya kansa, hasa kwa wazee na wavutaji wa tumbaku. Havifai kwa mwenye mimba. Damu lazima ipimwe. Usichanganye vidonge hivi na vile vya sokoni. Mtu akikuuzia kidonge bila kukupima damu na kukuuliza habari za kifua chako, hakupi dawa mpya; anakupa hatari.

8. JE, DAWA MPYA ZIKO KWETU?

Tuseme kweli. Hospitali nyingi za kwetu hazina dawa hizi. Sindano ya dupilumabu ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2017, bei yake iliandikwa dola 37,000 kwa mwaka mmoja. Tena inataka frigo: ikae katika baridi ya digri 2 hata 8, isigande wala isipate joto. Ikiwa nje ya frigo, hata penye joto lisilozidi digri 25, inafaa kwa siku 14 tu.

Kwa hiyo ndugu aliye Ulaya asiitie sindano katika mfuko wa msafiri na kuituma tu. Ikifika imepikwa na jua, ni fedha iliyotupwa. Tena sindano moja au mbili bila kuendelea hazitoshi. Akitaka kusaidia, na aseme kwanza na mganga wa hospitali. Mara nyingi msaada wake utafaa zaidi ukilipa vazelini ya mwaka mzima, pomada nzuri, na vipimo vya damu vya mtu anayeanza metotreksati.

Usikate tamaa kwa sababu hiyo. Wazee wetu walijua wakati ambapo ukoma haukuwa na dawa ya kuuponya. Mganga Carl Becker wa Oicha alitunza watu wengi sana wenye ukoma. Mwaka 1981 Shirika la Afya la Dunia lilishauri dawa kadhaa zitolewe pamoja, na tangu 1995 zinatolewa bure. Leo mgonjwa anazimaliza kwa miezi 6 au 12. Dawa za ukurutu ni za namna nyingine, wala siwezi kuahidi mwaka. Lakini kazi iliyo yetu leo ni kutumia vizuri tulizo nazo.

9. KABLA YA KUANZA DAWA YO YOTE KALI

Mganga atakuuliza mambo haya. Mjibu kweli, usifiche:

Je, umepata kukohoa kwa majuma mengi, au umekaa na mtu mwenye kifua kikuu? Je, umepimwa sida, na ugonjwa wa ini wa namna B? Je, umetibiwa minyoo? Je, una mimba, au unatazamia kuzaa? Je, umemeza vidonge gani vya sokoni? Je, chanjo zako zimetimia? Chanjo zenye kidudu kilicho hai, kama za surua na homa ya manjano, hazipigwi wakati wa kutumia dawa hizi. Kwa hiyo fikiri habari zake kabla.

Na ukiwa umeanza, kumbuka neno hili: homa si jambo la kungojea nyumbani. Njoo upimwe malaria na magonjwa mengine siku ileile.

10. ALAMA ZA HATARI

Hata kama hutumii dawa kali, mlete mgonjwa upesi ukiona haya:

Ngozi inatoa usaha, ina maganda ya manjano, inauma na kuwa na moto, na mgonjwa ana homa. Vidudu vimeingia.

Vimetokea ghafula malengelenge madogo mengi yanayofanana, yenye uchungu, pamoja na homa. Huenda ni ugonjwa wa hepesi ulioenea juu ya ukurutu, nao unaweza kuua mtoto au kupofusha macho. Huenda pia ni mpox, ambayo iko katika nchi yetu. Usiku usingojee asubuhi.

Ngozi karibu yote ya mwili imevimba na kubambuka, na mgonjwa anatetemeka kwa baridi.

11. NENO KWA KANISA

Ayubu aliketi majivuni akijikuna kwa kigae. Rafiki zake walipofika walikaa naye kimya siku 7, nalo lilikuwa jambo jema. Walipofumbua vinywa walianza kumtafutia dhambi, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakemea. Basi tusiwafuate. Mtu mwenye ukurutu asiulizwe ni nani aliyemloga, wala asipelekwe kwa mfumu. Asiwekwe benchi la nyuma, wala asizuiwe kwenye Meza ya Bwana. Msichana asiambiwe ya kwamba hataolewa.

Wengine wanauliza kama kumeza dawa ni kukosa imani. Luka aliyeandika Injili alikuwa mganga, nasi tunasoma habari zake katika Wakolosai 4. Hezekia alipougua jipu, nabii Isaya aliagiza wampake tini zilizopondwa, ingawa Mungu alikuwa amekwisha kumwahidi kupona. Tunaomba, na tunapaka mafuta. Tunapaka mafuta, na tunaomba.

Wewe uliyechoka kukosa usingizi, usiende sokoni. Njoo uonwe. Tutaanza na ukuta; tutaangalia kama kuna upele au ugonjwa mwingine uliojificha; na kama bado hulali, tutasema pamoja habari za dawa kali, polepole na kwa vipimo. Hatuwezi kukuahidi ya kwamba hutajikuna tena. Tunaweza kukuambia kwa kweli ya kwamba watu wengi waliokuwa kama wewe leo wanalala.

MASWALI YA KUJARIBU MOYO NA AKILI

1. Kwa nini mwenye ukurutu anajipaka vazelini hata siku ambazo ngozi ni nzuri?
2. Utatofautishaje ukurutu na ukoma? Na upele wa kuambukiza?
3. Kwa nini mtu aliyemeza DEXAMETHASONE majuma mengi asiache ghafula?
4. Metotreksati inamezwa siku ngapi kwa juma? Ni dawa gani isiyochanganywa nayo?
5. Kwa nini mwenye minyoo anatibiwa kabla ya sindano mpya?
6. Katika kanisa lenu yuko nani anayejificha kwa sababu ya ngozi yake? Juma hili nani atakwenda kumsalimu kwa mkono?